Gauni Lililokataa Kuingia

Haya nimeyapata kwa binti yangu mkubwa, Jumamosi hiyohiyo, saa tisa mchana, hata viatu alikuwa hajavua. Nyumbani tunamwita Redio, maana akishawashwa hazimiki. Mimi sikwenda. Goti lilinikatalia, na ngazi za kwa mpiga picha, wanasema, ni thelathini na mbili.

Mwenye habari yenyewe ni mke wa mwanangu wa mwisho. Ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Fundi, hata mimi mkwewe. Alijifungua kabla miezi haijatimia. Mtoto wa kike, kilo moja na robo, vidole kama njiti za kiberiti. Wauguzi wakambandika jina la Robo. Wiki saba alilala kwenye kisanduku cha kioo, na wiki saba mamake alikaa kitini kando yake. Siku waliporuhusiwa kurudi nyumbani, Fundi alitoa utepe wake wa kupimia, akampima, akaandika kwenye daftari la wateja: kifua, bega, mkono.

Tangu siku hiyo hakumpima tena. Kliniki, wakifika kwenye mizani, alimpa mumewe mtoto na kadi, yeye akabaki nje anatazama magari. Mumewe akitoka na kusema ameongezeka, aliona anabembelezwa tu. Wageni nao hakuwataka, kwa sababu kila aliyefunua blanketi alisema, "Masikini!" na neno lile lilimchoma. Mtoto ametimiza miezi mitano, na mamake bado anaishi naye kama mgeni ambaye anaweza kuaga wakati wowote, usiku analala jicho moja wazi.

Redio akachoka. "Wifi, miezi mitano mtoto hana hata picha moja? Hata kitambulisho cha kuku wangu kina picha!"

"Kuku wako ana kitambulisho?"

"Usinitoe kwenye mada. Jumamosi tunakwenda kupiga picha."

Fundi akasema, "Sawa. Lakini nguo za watu wote nachagua mimi. Nataka picha ambayo mtu akiitazama, asiseme masikini."

Basi wiki nzima ikawa ya nguo. Ijumaa jioni kitanda hakikuonekana kwa mashati. Mwanangu, ambaye ni dereva wa lori la mchanga, alikuja na jezi ya timu yake.

"Mechi saa ngapi?" mkewe akamuuliza.

"Mechi gani?"

"Hiyo unayokwenda kucheza. Rudisha kabatini."

Akapewa shati la samawati. Akasema linambana shingoni, akaambiwa shingo itazoea. Fundi mwenyewe alijishonea gauni la samawati iliyopauka kidogo, ili mtoto katikati yao ang'ae. Kisha akaingia Redio na gauni jekundu, anajizungusha mlangoni.

"Wifi yangu," Fundi akasema kwa upole, "ukisimama na hilo karibu na mtoto, watu watauliza moto unawaka wapi."

"Basi mimi nitashika mikoba," Redio akasema, na akanuna mpaka chai ilipoletwa.

Gauni la mtoto lilikuwa limening'inizwa peke yake dirishani. Jeupe, mikunjo myembamba kifuani, vifungo vitatu kama punje za mtama. Redio anasema hajaona kazi safi kama ile, na yeye hasifu ovyo, hasa wifi yake. Lakini hapo ndipo Fundi alipokosea. Mteja akimwambia atumie vipimo vya mwaka jana, humjibu, "Mama, mwaka jana ulikuwa mtu mwingine." Kwa mwanawe mwenyewe alifungua daftari akakata kwa vipimo vya siku ya kutoka hospitali. Kushika utepe na kumpima upya, aliogopa. Na hakuna aliyestuka, kwa sababu nyumbani mtoto alivalishwa nguo za zawadi, zile kubwa za watoto waliotimiza miezi, mikono imekunjwa. Mikunjo ilikuwa inapungua wiki hadi wiki, ila aliyekuwa akiikunja ni baba, na baba si fundi.

Jumamosi saa nne wakafika. Chumba kilikuwa kimepashwa joto hadi mwanangu akaanza kuvuja jasho. Mpiga picha, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alikuwa ameandaa kikapu kidogo chenye sufi ndani, kwa vile Redio alimwambia kwenye simu kwamba mtoto ni mdogo kama mkate.

"Haya, mchanga wetu yuko wapi?" akauliza.

"Huyu hapa," Fundi akafunua blanketi.

Mpiga picha akamtazama mtoto, akakitazama kikapu. Akakisukuma kikapu kwa mguu taratibu mpaka chini ya meza.

Fundi akaanza kumvika. Mkono wa kwanza ukaingia hadi kwenye kiwiko, ukakwama. Akautoa, akajaribu kupitisha kichwa kwanza. Kichwa kikagoma. Akafungua vifungo vyote, akavuta kidogo, mtoto akalia kwa sauti ambayo, Redio anasema, ilifika mpaka chini dukani.

Uso wa Fundi ukawa kama majivu. "Nimekosea kukata," akasema. "Miaka kumi na moja sijakosea kukata, nimekuja kukosea kwa huyu. Turudini nyumbani. Niliwaambia mimi, picha hii haikutakiwa."

"Huendi popote," Redio akasema. "Utepe wako uko wapi?"

"Wifi, niache."

"Uko kwenye mkoba, na mkoba ninao mimi. Shika. Nguo ya mteja ikikataa unafanya nini? Unalia?"

"Nampima mteja."

"Basi mpime mteja."

Mumewe akamketisha mtoto mapajani. Fundi akapitisha utepe kifuani. Akasoma. Akauachia, akaupitisha tena. Akasoma. Mara ya tatu akamwita mumewe asome yeye.

"Thelathini na tisa," mwanangu akasema.

"Kwenye daftari ni ishirini na nane."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi gauni umekata sawasawa, mama watoto. Mtoto ndiye amekua. Nakwambia kila mwezi hunisikii!"

Fundi aliuangalia ule utepe kama mtu anayesoma barua. "Sentimita kumi na moja," akasema polepole. Kisha kwa sauti, "Kumi na moja!" Kisha akapiga kigelegele kimoja, kirefu, ambacho kilimnyamazisha mtoto papo hapo. Redio akakipokea. Mpiga picha, ambaye hana undugu na mtu pale, naye akapokea. Mwanangu alikuwa anacheka huku anajifuta macho kwa mkono wa shati la samawati, na safari hiyo hakuna aliyemkemea.

"Sasa avae nini?" mpiga picha akauliza. "Ninazo nguo za akiba."

"Havai kitu," Fundi akasema. "Leo kifua chake ndiyo nguo. Usiuondoe utepe. Nataka namba isomeke."

Akamshika mtoto kwa mbele, nepi tu na utepe ule wa njano umemzunguka kifuani, kidole gumba cha mama kimekaza kwenye thelathini na tisa. Mtoto akapiga teke, akafungua mdomo wote, hana hata jino. Mpiga picha akabonyeza, akabonyeza tena.

"Wifi, weka mikoba chini uje," Fundi akaita.

"Na moto huu?"

"Njoo uwake."

Walirudi nyumbani saa saba na nusu. Mtoto alinyonya mpaka akaachia mwenyewe, akalala ametanua mikono. Baba yake akalala kitini na shati lake linalombana. Fundi alitoa daftari, akakata vipimo vya zamani kwa mstari mmoja, akaandika vipya. Redio akamletea chai. Alipofika nayo alimkuta ameegemea ukuta, kalamu ingali mkononi, mdomo wazi kidogo, anakoroma. Redio akavuta pazia, akaitoa kalamu, na Fundi hata hakujigeuza.