Ukuta wa Karibu na Mlango

Baba yao alipofariki aliwaachia watoto wetu wawili jengo moja, na jengo halimegwi kama mkate. Lilikuwa duka la viatu katikati ya mji, la matofali ya zamani, rafu hadi darini, na harufu ya ngozi isiyotoka hata ufagie vipi. Mkubwa alitaka liuzwe. Kitinda mimba, binti yangu, alitaka kuuza kahawa humo. Wakabishana sebuleni kwangu mpaka chai ikapoa, mwisho wakakubaliana, mimi nikiwa shahidi: kuta zikipigwa plasta mpya zikakauka zote, na kikombe cha kwanza kikanywewa kabla majira ya baridi hayajaisha, jengo linabaki. Zikiwa mbichi, linauzwa, na asinuniwe mtu.

Binti yangu akaacha kazi yake ya hotelini wiki ile ile.

Kila asubuhi nilikwenda kukaa kwenye kiti alichokuwa akikalia marehemu kuwapima watu miguu. Nilipewa vishikio vya shaba nivisugue, ili nisionekane nimekaa bure.

Fundi wa plasta tulimwita Makoti, maana alivaa mawili, moja juu ya jingine, na bado akatetemeka. Alibandua plasta ya zamani akapiga mpya ya chokaa, na mkono wake ulinyooka, huna la kusema. Nilimtegea vitendawili akiwa juu ya jukwaa. Hakujua hata kimoja. Asiyejua hutoa mji, na Makoti alishanipa miji yote aliyowahi kuisikia, akaanza kunipa ya kubuni.

Tatizo lake lilikuwa moja: palipopita upepo, alipaziba. Alisokota magazeti akayasokomeza kwenye nyufa za madirisha, akapigilia turubai juu yake, akatandika gunia chini ya mlango wa nyuma. Nikamsifu. Binti yangu akaleta jiko la mafuta ya taa, likawekwa katikati ya chumba. Tukastarehe kama paka.

Mkubwa alipita kila siku akienda kazini. Huyu hajui kufunga mlango tangu alipoanza kutambaa. Marehemu alikuwa akimuuliza, "Mbona huufungi, mkia wako bado unapita?" Basi jina likawa Mkia, na leo Mkia ana mvi.

Aliingia, akaweka kiganja ukutani.

"Mbichi."

"Hata shikamoo haijatoka," nikamwambia.

"Shikamoo, mama. Mbichi."

"Kaka, mlango!" dada yake alifoka.

"Si naondoka?"

Akaondoka, mlango wazi mpaka mwisho. Makoti alikuwa na plasta mikono yote miwili, kwa hiyo ilichukua muda kushuka jukwaani kwenda kuufunga. Alinung'unika njia nzima. "Huyu alilelewa uwanjani?"

Ikawa hivyo kila kukicha.

Kuta hazikukauka. Zilitoa matone, yakateremka kama machozi ya mtoto anayedeka. Nyuma ya kaunta pakaota ukungu mweusi. Makoti aliufuta, akaongeza moto wa jiko, na kadiri tulivyopasha chumba moto ndivyo kuta zilivyozidi kuloa.

"Bibi, ukuta huu una jasho kuliko mbeba magunia," alisema.

Binti yangu hakucheka. Siku hizo alikaa juu ya ndoo ya rangi akiitazama mashine ya kahawa, iliyofunikwa blanketi kama mgonjwa. Alipiga simu hotelini kuulizia nafasi yake. Wakamwambia imeshapata mtu. Akairudisha simu mfukoni, akachukua kitambaa, akaanza kufuta ukuta.

Asubuhi moja Mkia aliingia, akabandika kiganja kwenye ukuta wa karibu na mlango. Akakitazama. Akabandika tena. Safari hii hakusema mbichi wala mkavu. Aliniamkia vizuri, akaenda zake.

Dada yake akainuka kwenye ndoo. Akaupapasa ukuta ule kutoka chini hadi mkono ulipofika. Ulikuwa mweupe, mkavu kauu, na ukavu uliishia pale upepo wa mlangoni ulipoishia.

Makoti alikuwa ameshashuka kwenda kufunga.

"Acha," binti akasema.

"Dada, baridi hiyo."

"Uache huo mlango!"

Akang'oa magazeti yote kwenye nyufa. Akashusha turubai. Jiko akalipeleka uani, likiwaka vilevile. Upepo ukaingia na majani makavu ya barabarani.

"Sasa mtanizika na koti lipi," Makoti aliuliza, "la juu au la ndani?"

Mimi nilipewa blanketi la mashine. Nikaomba na la pili.

Toka hapo tulifanya kazi meno yakigongana. Mkia aliendelea kuja, na hakuna aliyemtajia mlango.

"Mbona hamnifokei siku hizi?"

"Tumekuzoea, kaka," dada yake akamjibu, akiwa amegeukia upande mwingine.

Siku ya ahadi ikafika. Mashine ilikuwa inaunguruma, vikombe vimepangwa kwenye rafu za viatu. Kuta zote zilikuwa kavu, isipokuwa nyuma ya kaunta, palipobaki doa la ukubwa wa sinia. Sote tulilijua. Mkia akaenda moja kwa moja, akaweka kiganja pale pale. Hakukitoa. Binti yangu alikuwa na kikombe mkononi, hakukitua.

"Kitendawili," nikasema.

"Mama, si sasa."

"Kitendawili."

Mkia akapumua. "Tega."

"Nikimfungia nalowa, nikimfungulia natetemeka."

Makoti akafumbua kinywa. Binti akamkazia macho, akakifumba.

Mkia akakuna kidevu kama anayefikiri. Alipokuwa mdogo, huyu alijibu kabla sijamaliza kutega, mpaka wenzake wakamkataza kucheza.

"Sijui," akasema.

"Nipe mji."

Akaliangalia doa. Akamwangalia dada yake.

"Mji sina. Chukueni duka."

Akafuta kiganja kwenye koti lake, kikaacha alama ya chokaa.

"Upepo!" Makoti akapayuka. "Bibi, upepo! Nilikuwa nacho!"

"Umechelewa, baba," nikamwambia.

Binti akakitua kikombe mbele ya kaka yake. Kahawa ikamwagikia kwenye kisahani. Mkia akainywa amesimama. Mvuke wa kahawa ulivutwa upande mmoja, kuelekea barabarani.

"Kaka," dada yake akasema, "mlango. Kahawa inapoa."

Akarudi mlangoni, akaufunga. Kisha akavuta kiti cha baba yake, nilichompisha, akakaa.