Viganja vya Kilimani

Siku ile mjinga alikuwa Ridha, wala tusitafute mwengine. Mwenyewe hakatai. Mtu aliyechuuza samaki wa Tumbe kwa baiskeli mpaka akaibiwa baiskeli pamoja na samaki, akafungua kibanda Konde kikaungua na cherehani ya mkewe ndani, mtu huyo hadanganyiki kirahisi. Lakini alipofika juu ya kile kilima alivua viatu, akanyanyua mikono, akalisomea Fatiha boma la zege.

Alikuwa kampeleka Nyange, msimamizi wa hoteli inayojengwa pwani, aliyekuwa akitafuta kifusi cha kushindilia msingi. Ridha akajitapa kwamba anajua penye zege la bure, la Mwingereza, tangu vita vya Hitla. Nyange akamwahidi: likipatikana, atamwandika mlinzi wa hoteli. Kazi ya kukaa kitako na tochi! Ridha, ambaye mgongo ulishamchoka kuliko umri wake, hakulala kwa furaha. Asubuhi wakaliacha lori la Kenta njiani, wakapanda, Nyange na nyundo kubwa, Ridha na mtaimbo.

Kumbe boma lenyewe Ridha alikuwa akiliona kwa mbali tu. Juu walikuta kijumba kifupi chenye tundu moja refu jembamba lililotazama bahari. Mlangoni pananing'inia vitambaa vyekundu na vyeupe, na chini chetezo chenye jivu la ubani. Ridha akajua hapa kalala walii. Viatu kule, Fatiha juu.

"Amin," sauti ikajibu kutoka ndani.

Ridha aliruka nusura aumeze mtaimbo. Akatoka Bi Mize, bibi wa nyumba ya chini ya kilima, kabeba mzigo wa kuni, anacheka hata kajishikiza ukutani.

"We Ridha! Unamrehemu nani, mwanangu? Humu walikaa askari na darubini, wakichungulia manowari. Walipoondoka wao wakaingia popo."

"Sasa na ubani huu, Bi Mize?"

"Wangu. Na vitambaa ni kanga zangu kuukuu. Si uliona mwenyewe, walipokuja wanunuzi wa vyuma chakavu wakayakatakata matangi ya kile kiwanda cha makonyo ya karafuu bondeni? Mafuta ya karafuu yamekamuliwa pale tangu sijazaliwa, leo hata bomba moja hulioni. N'kasema kuno kilimani hawafiki. Sheria hawaiogopi, labda wataogopa mzimu. Na wewe n'kakunasa bila ya kukutega!"

"Mimi nilishajiandaa kuweka na nadhiri," alisema Ridha, akitafuta viatu vyake.

Nyange hakucheka. "Bibi, umenisaidia. Huu ushirikina, na ushirikina unavunjwa." Akaitemea mate mikono yake, akaishika nyundo.

Bi Mize hakupiga kelele. Aliutua mzigo wa kuni, akamvuta Ridha kwa mkono wa shati, wakainama wakaingia ndani. Chini ya lile tundu, juu ya kizingiti cha zege, palikuwa na viganja vya watu vilivyogandamizwa zegeni. Vingi, vimebanana, vidole vimetanuka.

"Watu wa kuno walikamatwa wakabebeshwa mchanga na saruji kutoka pwani, kwa vichwa," alisema Bi Mize. "Kizingiti kilipokuwa kibichi msimamizi akaamrisha asikiguse mtu. Alipogeuka tu, wakagandamiza viganja, huyu na huyu na huyu. Walichapwa viboko mpaka magharibi wavisawazishe. Hawakusawazisha. Zege likakauka huku wanachapwa."

Akaweka mkono wake juu ya kiganja chenye kidole cha mwisho kilichopinda. "Huyu babaangu, Ame. Alikufa mimi nanyonya. Picha hana, sura yake siijui. N'najua mkono tu."

Ridha alisogea mpaka kizingitini. Akatia kiganja chake kwenye kimoja cha jirani. Kilimpwaya. Mwenye kiganja hicho alikuwa mtu mkubwa, na huenda alichapwa akiwa hajala.

Nje nyundo ilipiga mara ya kwanza. Vumbi likamwagika.

Bi Mize akatangulia kutoka; Ridha akamfuata, akaulaza mtaimbo kukingama mlango, akaukalia.

"Ondoka, Ridha."

"Si uliniahidi ulinzi, bosi? Nimeshaanza kazi. Nakaa kitako kama ulivyosema."

"Ile hoteli hutaiona hata dirishani!"

"Dirisha n'nalo, hili hapa nyuma yangu, na bahari yote naiona. Wageni wako watalipia kuiona hiyo hiyo." Akajiweka sawa juu ya mtaimbo. "Ukitaka kupiga, anza na mimi. Nimepigwa na maisha, nyundo yako itanitekenya tu."

Nyange akashusha nyundo, jasho linamtoka. Akamwacha Ridha, akamgeukia Bi Mize aliyekuwa kasimama nyuma yake, kuni zake kashazitwika tena kichwani.

"Bibi, tusemezane kama watu wazima. Boma hili la Mwingereza. Kalijenga yeye, kwa saruji yake, kwa vita vyake. Wewe lako nini hapa?"

"Kama lake, kamwite aje alichukue," alijibu Bi Mize. "Ila mwambie, safari hii abebe kwa kichwa chake mwenyewe."