Kambare Aligeuka na Nyumba

Jumanne asubuhi Arlene Sundquist alifungua mlango wa mbele achukue barua, akajikuta anatazama kamba ya nguo. Nyumba ilikuwa imegeuka tena. Alivaa buti, akazunguka hadi barabarani, akamkuta mtu wa posta akitafuta mlango.

Chanzo kilikuwa kambare. Wendell, mumewe, alimnunua miaka saba nyuma, wa urefu wa kidole, mkia mwekundu kama pilipili. Muuzaji aliapa kwamba samaki hukua kwa kadiri ya tangi lake. Huyu alikua tu. Wendell akapanua tangi, akapanua tena, hata likaziba mlango wa nyuma, na bado pua iligusa kioo cha huku na mkia cha kule. Kugeuka hakuweza. Basi alipochoka kutazama upande mmoja, aligeuka na nyumba nzima, vikombe vikigongana kabatini.

"Wendell! Leo choo chenu kinatazamana na meza yangu ya chakula!" jirani Ostby alipiga kelele.

"Vumilia, bwana. Atageuka."

Arlene alikwisha sema yote ya kumwondoa. Dukani hawamtaki kambare. Kwenye bustani ya wanyama wanao kumi na mmoja, wote walioletwa na watu kama wao.

"Basi ziwani," Arlene alisema.

"Maji ya hapa Duluth yatamuua kwa baridi. Unataka afe?"

Hapo ndipo mazungumzo yalipoishia kila mara. Maji ya tangi yalitaka kubadilishwa kila siku ya pili, ndoo kwa ndoo, watu wawili. Lenore, dada yake Arlene, mgonjwa sana huko mbali Tucson, alikuwa ameacha kumwalika. Siku hizi Lenore alimpigia simu kumuaga tu.

Alhamisi Arlene alifunga sanduku.

"Naenda kwa Lenore."

Wendell alikuwa anasugua kioo, mkono majini hadi begani. "Na ndoo nitashika na nani, mama?"

Akanyanyua sanduku. Alipofika mlangoni vikombe vilianza kugongana. Alifungua, akakuta ukuta wa matofali wa Ostby, karibu kiasi cha kutopitisha kiganja. Madirisha, kwa miaka yake sabini na miwili, hakuyafikiria.

Akarudi, akaketi mbele ya tangi. "Geuka kidogo, baba," alimwambia kambare kwa upole.

"Hapo ametulia," Wendell alisema. "Labda hadi Jumapili. Nipe ile ndoo."

Alimpa. Simu ikalia.

"Bado, Lenore," Arlene alisema. "Hajageuka."

Lenore hakuuliza ni yupi hajageuka.