Uzani wa Mama Mkwe

Jumamosi asubuhi mtakwimu alipangusa makombo ya mkate mezani, akafungua kompyuta na kuanza kurekebisha majibu ya utafiti wa afya uliofanywa mtandaoni. Waliojibu kwa wingi walikuwa wanawake vijana wenye simu nzuri, kama mkewe. Wazee kama mama yake walikuwa wa kuhesabika, na hata huyo mama alijibu kwa sababu tu mkamwana wake alimshikia simu. Ili matokeo yasielemee upande mmoja, mtakwimu aligawa uzani upya: kila bibi mzee ahesabiwe kama watu thelathini, na kila mwanamke kijana kama robo ya mtu. Kisha akaenda kunyoa.

Ilipofika mchana, kiti kilivunjika chini ya mama yake, yule mama mkwe wa mkewe. Hakuwa amenenepa, alikuwa mzito tu. Mwanawe alileta fundi, sakafu ya chumba chake ikamiminwa zege upya. Mke naye alikuwa mwepesi. Akikanyaga sakafu mbichi haachi alama, na akiita kutoka jikoni hakuna anayegeuka.

Wepesi angeuvumilia. Kilichomkera ni mumewe. Akirudi kazini alipitiliza moja kwa moja chumbani kwa mama yake, akaketi chini, akauliza hali ya magoti, la kulia kwanza, kisha la kushoto. Mama mkwe akikohoa, kila mtu anaacha kula. Mke alikionea wivu hata hicho kikohozi. Aliosha vyombo kwa hasira, ila mikononi mwake hata sufuria hazikulia.

Jioni moja alimkabili mumewe mlangoni.

"Na mimi nilijibu," alisema. "Niliandika kwamba tumbo linaniuma tangu mwaka jana, na hapa nyumbani hakuna aliyeniuliza."

"Nililisoma jibu hilo," mume alisema, bila ubaya wowote. "Lakini wa kundi lako mlikuwa wengi mno."

Mama mkwe alikuwa amesikia. Kesho yake akampeleka mkamwana hospitali. Benchi lilipinda walipoketi. Daktari alimwendea mzee, akamminya magoti, akamwandikia dawa.

"Si mimi, daktari," mama mkwe alisema. "Mgonjwa ni huyu mwanangu."

Daktari alitazama pembeni yake, akafikiri kidogo, akaongeza dawa nyingine ya magoti.

Njiani mke alitangulia mbele ya mama mkwe. Hata huruma, aliona, ni mali ya mwenye uzani.

Nyumbani mtakwimu aliwapokea kwa furaha. Ripoti ilikuwa imetoka, na wakubwa wake wameisifu kwamba sasa inafanana na nchi yenyewe. Akamuuliza mama yake hospitali kulikuwaje. Mama akaanza kueleza. Mke naye alifungua mdomo kusema lake, lakini dirisha lilikuwa wazi na upepo ukaingia, ukamwinua. Na mama mkwe, bila kukatisha maneno yake, akanyoosha mkono akamshika pindo la gauni.