Okidi Iliyovishwa Sweta

Marehemu mume wangu aliniachia nyumba, sweta mbili na okidi moja. Nyumba imesimama, sweta zipo. Okidi ndiyo iliyoniumbua.

Alikuwa mtunza bustani, na kila baridi ilipoisha okidi yake ilitoa maua meupe, yamejipanga kama wanafunzi mstarini. Siri yake sikuijua. Nilijua tu kwamba baridi ikianza aliipeleka stoo, penye dirisha lenye kioo kilichovunjika, na akitoka tu, mimi naingia kuziba tundu kwa gunia. Yeye anazibua, mimi naziba. Miaka kumi na tisa tulipigania tundu lile, bila kuambiana hata neno.

Alipofariki, nikashinda. Okidi nikaihamishia kando ya jiko, chungu nikakivisha sweta ya marehemu, nikaimwagilia kila siku, na kila asubuhi baada ya sala nikaiombea joto. Mmea wa nchi za joto, kwa nini uteseke? Ikanilipa majani ya njano. Baridi mbili zikapita bila hata ua moja.

Wifi yangu, dada wa marehemu, akaja na ulimi wake.

"Wifi, hii ni okidi au mgonjwa wa homa?"

"Inapumzika."

"Kama kaka yangu anavyopumzika? Baridi hii isipochanua, naichukua. Ni ya kaka yangu."

Nilicheka, huku nikikivuta chungu karibu yangu. Katika vyote alivyovishika kila siku, ni hiyo tu iliyobaki na uhai.

Wiki iliyofuata nikasikia hodi yake. Majani yamelegea kama masikio ya mbuzi! Nikaivua sweta, nikaikimbiza okidi stoo.

"Iko wapi?"

"Iko kwa fundi wa maua."

Mimi huyu, ninayewakemea wajukuu kwa uongo! Tangu hapo niliona aibu hata kuitazama. Mara moja kwa wiki nilifungua mlango kidogo, nikarusha nusu kikombe cha maji kama mtu anayelisha mbwa mkali, nikafunga.

Miezi miwili baadaye wifi akaja na kikapu.

"Huyo fundi bado hajamaliza?"

Nikaungama palepale mlangoni kwamba iko stoo. Akausukuma mlango wa stoo. Baridi ikatupiga usoni. Gunia lilikuwa limeanguka sijui tangu lini. Majani yamekaza, na kati yake kimechomoza kikonyo kirefu kama kidole, kina vifundo vinne kama choroko.

"Huo ni mzizi," akasema wifi.

"Mzizi wenye vitumba? Vaa miwani, wifi."

Akavaa. Akatazama kikonyo, akatazama gunia sakafuni, akaanza kucheka mpaka akakalia ndoo.

"Gunia hili ndilo limenikumbusha! Kaka alisema ua hili haliji bila kuonja baridi kidogo, lakini mke wake ataziba tundu mpaka kiyama. Nikamwambia, si umwambie? Akasema, 'Akiziba anapata raha. Mimi nitazibua tu.'"

Kumbe miaka miwili nimemsumbua Mungu kwa kuomba joto, naye kwa huruma yake akaangusha gunia.

Wifi akaondoka na kikapu kitupu. Gunia nimelikunja. Tundu liko wazi, stoo ni barafu tupu, na sweta ya marehemu naivaa mimi ninapoingia kuhesabu vitumba.