Zamu ya Kupiga Kelele

Mwalimu Zunguka hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na watoto wa shule ya msingi, na watoto wakikubandika jina, hata uoge kwa sabuni ya kufulia halitoki. Miaka yote aliyofundisha hesabu hakushika fimbo. Wenzake walichapa, yeye alinyoosha kidole dirishani na kusema neno moja tu, "Zunguka!" Mtoto akatoka, akauzunguka uwanja wa shule mbio mpaka kipindi kiishe, akarudi anahema, uso umelowa chapachapa.

Mwalimu alijivunia sana njia yake. Kwenye vikao vya walimu alikuwa akikunja mikono kifuani na kusema, "Mimi mtoto nikimzungusha leo, kesho hathubutu kufungua mdomo. Chunguzeni wenyewe. Hamtamwona mtoto yule yule akikimbia siku mbili mfululizo."

Walimu walichunguza, wakakuta ni kweli.

Akastaafu kwa amani, na kitambi cha heshima, kwenye nyumba inayopakana ukuta na shule ile ile. Hapo ndipo mwili ulipomgeuka. Mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Kiu ikawa haikatiki, hata anywe mtungi. Akaenda zahanati. Daktari wa pale ni mwanamke kijana mwenye sauti ya upole na maneno yasiyo na upole wowote. Akasoma majibu ya damu, akavua miwani.

"Baba, sukari yako iko juu. Vidonge nakupa, na chakula utapunguza. Lakini bila mazoezi tunadanganyana. Tembea haraka, kimbia kidogo kidogo, utoke jasho kila siku. Baada ya miezi mitatu nitakupima tena. Isiposhuka, tunaanza sindano."

"Sindano moja?"

"Kila siku, baba. Utajichoma mwenyewe, hapa tumboni."

Mwalimu akashika ukingo wa meza. Maana mtu huyu, aliyewashika mikono watoto wa watu siku za chanjo akiwaambia "acha woga, ni kama kuumwa na sisimizi," mwenyewe akiona sindano hata ya cherehani, moyo unamruka. Alirudi nyumbani, akamweleza mkewe.

"Basi kimbia," mkewe akasema. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua macho. "Uwanja uko hapo nyuma ya ukuta. Si umewapeleka huko watoto wa mji mzima?"

"Ndiyo maana siwezi. Watanionaje?"

"Watakuona unakimbia."

"Huelewi, mke wangu. Pale kila anayekimbia ana kosa."

Na hapo alisema kweli. Kinyozi wa kona alipitia mikononi mwake. Fundi viatu vilevile, na muuza duka, na nusu ya watu wanaosalimiana barabarani asubuhi. Wote aliwafundisha, tena akawafundisha vizuri, kwamba mtu hauzunguki uwanja ule ila amefanya jambo la aibu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Alianza alfajiri, watu hawajatoka. Alivaa suruali ya kitambaa na shati lililopigwa pasi, ili mtu akimwona asidhani ni mazoezi. Akawa anatembea haraka kandokando ya uwanja, kichwa chini. Hajamaliza hata mzunguko, kinyozi akatokea upande wa pili wa ua.

"Mwalimu, shikamoo! Unatafuta nini saa hizi?"

"Marahaba. Ufunguo," mwalimu akajibu bila kufikiri. "Nimeangusha ufunguo wangu."

"Lo! Pole sana."

Alidhani yameisha. Kesho yake alipofika uwanjani akawakuta kinyozi, fundi viatu na muuza duka wameinama kwenye nyasi, wanapekua kama kuku.

"Wewe kaa, mwalimu," wakamwambia. "Usijichoshe. Hii kazi ya vijana."

Wakamketisha juu ya jiwe. Siku hiyo zoezi lake likawa kukaa na kuwaangalia wenzake wakitoka jasho. Jua lilipochomoza, muuza duka akapiga kelele ya furaha: kweli ameokota ufunguo, wenye kutu, wa mlango gani anajua Mungu. Wakamkabidhi kwa makofi. Mwalimu akashukuru, akautia mfukoni kama wake. Angefanyaje? Ila tangu siku hiyo hakuwa tena na kitu cha kutafuta. Ilibidi akimbie wazi, mchana kweupe, kama mkosaji.

Na alikimbia kama mkosaji. Alitoka nyumbani shingo upande, akauzunguka uwanja meno yameumana, macho kwenye mlango wa kutokea. Kila akifika kona alijiuliza kama hapo hapamtoshi. Mkewe aliyekuwa akimtazama juu ya ukuta alishindwa kuvumilia.

"Unakimbia kama mtu aliyetumwa kupeleka taarifa ya msiba."

"Si nakimbia? Unataka na kuimba?"

Baada ya muda ikawa leo goti, kesho wingu, keshokutwa ana mgeni. Mgeni mwenyewe haonekani. Mguu ukaendelea kufa ganzi, na miezi mitatu haikuwa ikimngoja mtu.

"Endelea kukaa," mkewe akamwambia jioni moja. "Sindano ni ya tumboni, na nafasi ninaiona ya kutosha."

Shule ilipofungwa, akaja fundi wa rangi kupaka upya madarasa. Alikuwa mwanamke, ovaroli yake imejaa madoa ya rangi za nyumba zote alizowahi kupaka, kitambaa kimefungwa kichwani, ngazi begani. Asubuhi hiyo mwalimu alikuwa amesukumwa nje na mkewe, naye anajikokota upande wa madarasa, sauti ikamshukia kutoka juu.

"Mwalimu Zunguka! Shikamoo! Leo umekosa nini?"

Mwalimu akasimama, mikono magotini. "Marahaba. Nani huyo?"

"Kasuku. Jina ulinipa mwenyewe."

"Kasuku!" Uso wa mwalimu ukachangamka. "Sasa ukawa fundi! Nilikuzungusha wewe kuliko mtoto yeyote wa darasa lile."

"Nakumbuka, na ninakushukuru."

"Unaona? Adhabu inajenga mtu."

Kasuku akacheka mpaka brashi ikadondosha rangi kwenye kioo cha dirisha. "Adhabu? Ngoja nishuke, mwalimu. Hili halisemwi kutoka juu."

Akashuka, akajifuta mikono kwa kitambaa, akamtazama. "Hutakasirika?"

"Nimestaafu. Hata hasira nimestaafu."

"Tulikuwa na zamu."

"Zamu ya nini?"

"Ya kupiga kelele. Madawati yote ya nyuma. Leo mimi, kesho kinyozi, keshokutwa fundi viatu, halafu narudi mimi, kwa sababu zamu za waoga nilikuwa nazinunua kwa peremende. Ukiiba zamu ya mwenzako unakula kofi wakati wa mapumziko. Kipindi chako kilikuwa baada ya chakula cha mchana, mwalimu. Bati linawaka. Hewa haiingii. Na sauti yako, nisamehe baba yangu, sauti yako imelala chali. Halafu nje kuna upepo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Vile vikao vyote vya walimu vikampitia mwalimu mbele ya macho. Hamtamwona mtoto yule yule siku mbili mfululizo.

"Lakini mlikuwa mnarudi mnalia," akasema. "Nyuso zimelowa. Niliona kwa macho yangu."

"Bomba la nyuma ya stoo. Tulikuwa tunajimwagia maji."

"Hamkuumia hata kidogo?"

Kasuku akafikiri kwa haki, kama mtu aliyeapishwa. "Mimi niliumia mara moja. Siku uliponisamehe."

Mwalimu alirudi nyumbani bila kumaliza mzunguko. Mkewe alipombana akamweleza yote, naye akaweka ungo chini ili acheke vizuri.

"Kwa hiyo adhabu ilikuwa wewe!"

"Usicheke."

"Sicheki," akasema, machozi yakimtoka. "Nawaonea huruma watoto wa watu."

Siku nzima mwalimu alikaa kibarazani. Haikumuuma kudanganywa, watoto hudanganya, ndiyo kazi yao. Kilichomuuma ni kwamba walijua kitu asichokijua, tena kuhusu uwanja aliodhani ni wake. Yeye ni mtu wa hesabu, na mtu wa hesabu hapokei jibu bila kuonyeshwa njia. Asubuhi ilipofika hakusubiri kusukumwa. Alikwenda moja kwa moja mpaka chini ya ngazi.

"Nionyeshe," akasema.

"Nini?"

"Huo utamu. Maana mimi nakimbia hapo wiki baada ya wiki na sijaonja kitu."

Kasuku akachovya brashi, akaendelea kupaka. "Tatizo unaanza vibaya. Wewe unaingia uwanjani. Sisi tulikuwa tunatoka darasani. Chungulia kwanza humo ndani."

Mwalimu akabandika paji la uso kwenye dirisha la darasa lake la zamani. Madawati yamebanana. Ubao umepauka. Hewa ya mle aliifahamu kabla hata ya kuinusa: chaki, jasho na usingizi.

"Kaa dawati la nyuma," Kasuku akasema kutoka juu. "Mwalimu anafundisha sehemu. Anasemaje?"

Mwalimu alijaribu kujisikia. Akajisikia kweli. Tafuta kigawe kidogo cha shirika, watoto. Nasema tafuta kigawe kidogo cha shirika. Ilikuwa sauti nzuri, iliyonyooka, isiyopanda wala kushuka, na haikuonyesha dalili ya kuisha.

"Mungu wangu," akanong'ona.

"Zunguka!" Kasuku akapaza sauti.

Miguu ikaondoka kabla yake. Alipita kona ya kwanza bila kujiuliza kitu. Nyuma ya stoo, mahali ambapo kutoka dirishani hapaonekani, na ndiyo sababu kwa miaka yote hakupajua, na wiki zote hizi alipapita macho kwenye mlango wa kutokea tu, ardhi inateremka taratibu mpaka kwenye ua. Mtu ukifika pale huna haja ya kukimbia. Miguu inakimbia yenyewe, wewe umepanda tu. Upepo ukamwingia chini ya shati, shati likavimba mgongoni. Akasikia mtu anacheka, akageuka kuona ni nani, kumbe ni yeye.

Akafika kwenye bomba. Akalifungua, akainamisha kichwa, akajimwagia. Maji yakamtiririka shingoni mpaka ndani ya suruali ya kitambaa. Akabaki amesimama hapo, mstaafu mzima, anatweta na kutabasamu kama mwizi wa sukari.

"Eeh?" Kasuku akauliza mwalimu alipotokea upande wa pili.

"Kimya," mwalimu akamjibu. "Sijamaliza." Akapita.

Kuanzia hapo mambo yakabadilika. Umbali ulikuwa ule ule, na goti lilikuwa lile lile, linalia kama bawaba kila asubuhi. Ila sasa alikuwa anatoroka, na anayetoroka hahesabu kona. Kinyozi alipogundua kwamba siri imetoka, alikuja kuomba radhi, akaishia kuvua viatu na kukimbia naye. Wakati mwingine fundi viatu naye alitokea. Wakifika mteremkoni walinyamaza wote watatu, kama watu walio kwenye ibada.

Taabu ilihamia kwa mkewe. Mwalimu aligundua kwamba kuondoka kwa hiari hakuna ladha kamili; kunataka kufukuzwa. Basi asubuhi, mkewe akifungua redio asikilize habari, mwalimu alikaa karibu yake na kuanza kueleza jinsi bei za vitu zinavyoweza kuandikwa kwa sehemu. Akaeleza na kueleza.

"Hebu nenda zako ukazunguke huko!" mkewe akafoka.

Mwalimu aliinuka ameinamisha kichwa, na kabla mlango haujajifunga, hatua zake zilisikika zikipamba moto nje.

Miezi mitatu ikatimia. Walikwenda zahanati pamoja, na asubuhi hiyo hakukuwa na mzaha. Mkewe alikaa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani, vidole havitulii. Mlango wa chumba cha daktari ni wa mbao zilizopinda, haufungi mpaka mwisho. Ndani, mwalimu alitazama ukutani wakati wote damu ikichukuliwa, kisha akangoja majibu huku ameshika tumbo kwa mikono miwili, kama anayelizuia lisije likachukuliwa.

"Imeshuka, baba," daktari akasema. "Tena vizuri. Sindano hakuna."

Mwalimu akashusha pumzi iliyoanzia magotini.

"Najua umeteseka," daktari akaendelea. "Sasa unaweza kupunguza. Siku tatu, nne kwa wiki zinatosha. Nyingine pumzika nyumbani."

"Pumzika," mwalimu akarudia polepole. "Daktari, huoni kama ungekuwa mkali kidogo?"

"Mkali vipi?"

"Useme kila siku."

"Baba, ukitaka kukimbia kila siku na mwili hauumi, sikukatazi."

"Sijaomba usinikataze," mwalimu akasema kwa heshima. "Naomba uniamuru."

Daktari akaona kuna wagonjwa wengine wanaongoja, akasema, "Haya. Kila siku. Nimekuamuru."

Mwalimu akatoka na sura ya mtu aliyehukumiwa. Mkewe alikuwa ameshasimama.

"Sindano hakuna," akamwambia. "Ila yule binti ni mkali, sijapata kuona. Kila siku, amesema. Mvua ije, jua liwake. Nimejaribu kumsihi, wapi!"

Mkewe, ambaye kutoka kwenye benchi lile alikuwa amesikia kila neno, hata kikohozi cha daktari, alimshika mkono na kuupapasa.

"Pole sana, mume wangu," akasema. "Utafanyaje? Ni amri."

"Ndiyo hivyo," mwalimu akasema kwa huzuni kubwa, wakaanza kushuka ngazi za zahanati, mkewe moja moja, yeye mbili mbili.