Shamba Lililomsomesha Mwongeli

Jumanne asubuhi Katunge alikuwa nje ya jikoni akipepeta ndengu wakati mama mkwe wake, Syokau, alipopanda kutoka shamba la chini akaomba maji ya kunywa. Syokau alikuwa amezikwa huko chini miaka ishirini na kitu iliyopita. Alikuwa na udongo mwekundu mabegani na ile leso ya kanisa aliyozikwa nayo, na magoti bado yalimsumbua, maana alipumzika njiani kabla ya kufika mlangoni. Katunge aliweka ungo chini akamletea maji kwa kikombe cha bati.

"Umeuza," Syokau alisema alipomaliza kunywa.

"Nimeuza, mwaitu. Jana bodi ya ardhi ilipitisha. Ni karo ya Mwongeli."

"Basi mimi siwezi kulala kwa watu."

Hapo hakukuwa na la kubishana. Mtu mwenye adabu halali kwenye shamba la mwingine bila kukaribishwa, awe hai au awe amekufa, na Syokau adabu zake zilijulikana. Mnunuzi, Bwana Thuo, mwenye duka la mabati na saruji kule barabara ya Mombasa, alikuwa ameahidi hatagusa kaburi, na kusema kweli hakuligusa. Katunge alidhani ahadi hiyo inatosha. Nusu ya kijiji cha Kalamba ilifanya kosa hilo hilo: watu waliuza udongo wakidhani waliolala ndani watabaki tu, kama mawe ya mpaka. Alimtandikia mama mkwe kitanda cha Mwongeli, kwa vile msichana alikuwa chuoni.

Mwongeli alikuwa anasomea uuguzi chuo kikuu, Nairobi. Alikuwa amepita mtihani mpaka pasta akamsimamisha mbele ya kanisa apigiwe makofi. Halafu waliopanga bendi za ufadhili, yale makundi ya nani asaidiwe karo kiasi gani, wakamweka bendi ya watu wanaojiweza, kwa sababu mamake alikuwa na shamba. Eti mwenye shamba si maskini! Katunge alipouza sehemu ya chini aliwapelekea habari, akaambiwa bendi haibadilishwi katikati. Sasa hiyo ni akili ya wapi? Lakini ndivyo ilivyokuwa, na karo haingoji mtu amalize kushangaa.

Mwaka uliofuata karo ilipanda. Shamba la kati likauzwa, na Mulinge akaja. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mumewe Katunge, mwalimu wa hesabu enzi zake, na alifika na suti na tai akauliza kama kuna gazeti. Alipoelezwa kwa nini ameamshwa, alipandwa na hasira.

"Karo ya chuo kikuu? Mimi sikulipa hata ndururu! Serikali ilinisomesha, ikanilaza, ikanilisha, na bado kila muhula ikanipa pesa za mfukoni. Tulikuwa tunanunua viatu nazo. Hiyo serikali ilienda wapi?"

"Serikali gani?" Syokau alimuuliza kutoka kitandani. "Pamba yangu ilikatwa ushuru kila msimu, narudi nyumbani na pesa za chumvi. Hivyo viatu nilikununulia mimi, wewe na wenzako wote. Sasa nasomesha mara ya pili, na nimekufa."

Katunge alimpa Mulinge gazeti la juma lililopita, ambamo mkubwa mmoja alikuwa amesema wazazi wabebe mzigo wao na waache kulialia. Mulinge alilisoma mpaka mwisho, akalikunja vizuri, akaliweka chini ya kiti.

Pasta alikuja kuwaombea. Aliwauliza kama wangependa kurudishwa kwenye ushirika, wakasema sawa, wakawa wanakaa benchi la nyuma kila Jumapili. Majirani waliwasalimu kama kawaida. Mchana hawakuwa na shida yoyote. Usumbufu ulianza taa ikizimwa, kwa maana walikuwa hawasinzii. Walilala chali, macho wazi, wakitazama mabati, na kila mmoja wao akijigeuza udongo ulimdondoka, kidogo kidogo, ukigonga sakafu. Katunge aliusikia mpaka jogoo wa kwanza. Asubuhi alifagia, akajaza beleshi, akaenda kuumwaga kwenye ua wa Thuo, kwa sababu udongo huo ulikuwa wake.

Likizo ilipofika Mwongeli alilala chini, kati ya susu yake Syokau na baba yake mkubwa. Asubuhi alitoka na macho mekundu.

"Mum, mimi siendelei. Wacha nikae nje mwaka mmoja nitafute kazi. Hii si maisha."

"Ukiacha," Syokau alisema, "mimi niliamshwa bure?"

Jumatatu Mwongeli alifunga mkoba akarudi chuoni.

Sasa ilibaki sehemu ya juu tu, iliyopakana na nyumba. Hapo alilala Nyamai, mumewe Katunge, na kando yake kulikuwa na nafasi ambayo haikulimwa. Walikubaliana hivyo Nyamai akiwa mgonjwa: wewe hapa, mimi hapa. Katunge aling'oa magugu kwenye nafasi hiyo kila msimu, na hata mwaka wa njaa hakupanda hapo shina moja la mbaazi.

Karo ya mwaka wa mwisho ilipopanda tena, Katunge alilia sana. Lakini ndani ya kilio hicho kulikuwa na furaha, na hiyo hakumwambia mtu, hata Mungu alimficha. Alikuwa amemkosa yule mwanamume miaka mingi. Alijichukia kwa furaha hiyo, na siku ya bodi akasuka nywele.

Nyamai aliingia saa ya chai. Alimsalimu mamake, akampa kakake mkono, akaketi. Katunge aliushika mkono wake; ulikuwa baridi kama mtungi.

"Umezeeka, Mama Mwongeli."

"Wewe umekataa kuzeeka. Ni mbaya."

Walicheka wote wawili. Chai yake ilipoa mbele yake, kwa vile hakuwa na haja nayo. Kisha akatazama nje, mahali ambapo vijana wa Thuo walikuwa wakichimbia nguzo za ua mpaka usawa wa kibaraza.

"Na wewe watakuweka wapi?"

"Mwongeli atamaliza," Katunge alisema.

"Sikuuliza hilo."

Mwongeli alimaliza. Siku ya mahafali wafu walimtazama kwenye simu ya Katunge, wakisukumana, na Mulinge akalalamika kwamba kofia imekaa vibaya. Mwongeli alirudi Kalamba na joho la kukodi na cheti, akangoja kazi. Hospitali zilikuwa na wagonjwa tele ila hazikuwa zinaajiri.

Katunge alifariki mwezi wa pili, presha, akiwa amekaa jikoni. Mwongeli alimshika kifundo cha mkono akatafuta mshipa kama alivyofundishwa. Hakuna. Akatafuta shingoni. Hakuna. Alikaa chini akamwegemea, akalia kama mtoto. Wanaume walifika na majembe, wakazunguka nyumba mara moja, wakaona ua wa Thuo umefika kila upande, wakayaegemeza majembe ukutani.

Katunge aliinuka, akajifunga leso.

"Mum," Mwongeli alisema, "bado unaumwa?"

"Siumwi tena. Weka maji ya chai, watu wamekuja."

Pasta alimfanyia ibada akiwa amesimama, na Katunge mwenyewe akaitikia amina. Usiku huo alilala kando ya Nyamai, wote wawili wakitazama mabati, na Mwongeli kwenye mkeka akasikiliza udongo wa babake ukidondoka. Mamake hakudondosha kitu, kwa kuwa hakuwahi kupata udongo wake.

Wiki iliyofuata Mbaluka, jirani wa ng'ambo ya kijito, alikuja na kofia mkononi. Kijana wake alikuwa ameitwa chuo kikuu kusomea uhandisi. Karo ilikuwa imepanda tena tangu Mwongeli amalize. Mbaluka alikuwa na shamba, kwa hiyo naye aliwekwa bendi ya wanaojiweza. Aliomba namba ya Bwana Thuo.

Katunge alimsomea namba polepole, na Mbaluka akaiingiza kwenye simu yake.

"Utaanza na upande gani?"

"Wa chini. Kule kwa mama na wale kaka zangu wawili."

"Basi nunua magodoro kwanza," Katunge alimwambia.